Kixhosa na Kilao: Ipi Lugha Ngumu?



Wanafunzi wetu wapenzi, na wazazi mnaosoma jarida hili nyumbani, somo hili lilianza kwa kicheko. Katika darasa la jioni tulikuwa tukifundisha makharij. Kijana mmoja aliyehamia kwetu kutoka Kigoma, ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kiha, alisimama kusoma na wenzake wakaicheka lafudhi yake. Sisi walimu hatukukataza upesi kama ilivyotupasa, tulitabasamu. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Ilibidi twende kwao, tukazungumza na mama yake.

Aliporudi tuliandika majina ya lugha za mbali kwenye vikaratasi, tukawaambia wanafunzi wavute viwili. Vikatoka Kixhosa na Kilao. Swali la kwanza likawa lile lile la siku zote: "Ustadhi, ipi ngumu?"

Kixhosa ni lugha ya Afrika Kusini, hasa jimbo la Eastern Cape, na wanaoizungumza tangu utotoni ni zaidi ya milioni 8. Ndiyo lugha aliyokulia Nelson Mandela. Kilao ni lugha rasmi ya Laos, nchi isiyo na bahari huko Asia ya Kusini Mashariki, na mji wake mkuu ni Vientiane, kando ya mto Mekong. Ajabu ni kwamba wasemaji wake wengi zaidi wako ng'ambo ya mto, kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako hukiita Kiisan.

Tuanze na Kixhosa, kwa kuwa ni ndugu yetu. Sisi husema watu watatu, wao husema abantu abathathu. Nyama ni inyama, mvula ni imvula, kufa ni ukufa, maji ni amanzi. Watoto wangu wanasoma ni abantwana bam bayafunda. Tazameni jinsi "ba" inavyolifuata jina hadi kwenye kitenzi, kama "wa" yetu. Sahani ni isitya, zikiwa nyingi ni izitya. Hiyo "si" na "zi" ni "ki" na "vi" yetu. Hata lugha yenyewe huitwa isiXhosa, kama sisi tunavyosema Kiswahili. Mwanafunzi anayetoa makosa ya ngeli kwenye daftari lake la Kiswahili ameshajua nusu ya kazi bila kulipa ada.

Nusu ya pili iko kinywani. Kixhosa kina vidoko, yaani sauti za kualika ulimi, na kwao hizo ni herufi kamili. Herufi c hutoka nyuma ya meno ya mbele. Ni ile sauti anayotoa mama akisikitika. Herufi x hutoka ubavuni mwa ulimi, kama anayeswaga punda. Herufi q hutoka juu kwenye paa la kinywa, ikalia kama kizibo kinachong'oka kwenye chupa. Yai kwao ni iqanda. Hizo tatu zikichanganywa na pumzi, ghuna au pua zinafika kama 18. Waxhosa walizipokea kwa majirani zao Wakhoikhoi na Wasan, waliokaa nao na kuoana nao kwa karne nyingi. Wapo wataalamu wanaosema adabu pia ilisaidia. Kwa desturi iitwayo hlonipha, mke huepuka kutamka silabi zilizomo katika jina la baba mkwe wake, hivyo hutafuta neno au sauti nyingine ya kuweka pale.

Siku ile darasa zima lilialika ndimi mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Kilao hakina vidoko. Sauti zake nyingi tunazo: mbu kwao ni nyung, na nyoka ni nguu, ambayo mwanzo wake hutamkwa kama "ng'" ya ng'ombe. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo. Khoy pay talaat ni mimi kwenda sokoni. Ukitaka nitakwenda unaongeza si, khoy si pay talaat, basi. Mmoja akasema hii haina sarufi. Tukamwomba ahesabu. Kwa Kilao husemi watoto watatu, unasema dek saam khon, mtoto tatu mtu. Mbwa watatu ni mbwa tatu mwili, na magari yana neno lake jingine la kuhesabia. Nao wana ngeli zao, ila zimelala mpaka hesabu izaamshe.

Maandishi yake yaliwafurahisha wanaosoma Juzuu Amma, maana irabu hukaa juu au chini ya herufi kama fat-ha na kasra. Lakini nyingine hukaa baada yake, na nyingine huandikwa mbele ya herufi ilhali hutamkwa nyuma yake. Tena maneno hayaachiwi nafasi; sentensi nzima huenda kama kamba moja.

Maneno ya moyo ndiyo tuliyoyapenda zaidi. Moyo ni jai. Kufurahi ni dii jai, moyo mzuri. Kuhuzunika ni sia jai, moyo kuharibika. Kuelewa ni khao jai, kuingia moyoni. Na machozi ni nam taa, maji ya jicho.

Ugumu wake uko sikioni. Kilao ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, neno linageuka. Kwa matamshi ya Vientiane wengi huhesabu toni sita, wengine tano. Neno maa kwa toni moja ni kuja, kwa nyingine ni mbwa, kwa nyingine ni farasi. Hebu fikirini unamkaribisha mgeni ndani!

Tuliwasikilizisha maa hizo tatu kwenye simu, mara nne. Darasa likasema ni neno moja limerudiwa. Sisi wenyewe tulisikia hivyo hivyo, kwani Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache za Kibantu zilizopoteza toni. Kixhosa kinazo, na Kiha kinazo.

Yule kijana wa Kigoma akanyoosha mkono. "Ustadhi, ni maneno matatu." Tukaipiga sauti tena, bila kufuata mpangilio, naye akawa anataja: farasi, kuja, mbwa. Alikosea mara moja tu. Wenzake wakasogeza mikeka karibu naye, wakimwomba awaonyeshe inapandia wapi.