FAHAMU HUDUMA ZA AFYA: MUME NAYE APIMWE

Ndoa inapopita miaka bila mtoto, lawama aghalabu humwangukia mke. Wapo wanaorudishwa kwao na ng'ombe wa mahari kudaiwa, ilhali mume hajapimwa hata mara moja. Kitaalamu, upande wa mwanamume huchangia takribani nusu ya matatizo ya uzazi ya wenza.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni ugumba pale wenza wanapokutana bila kinga kwa miezi 12 na mimba isitungwe. Kipimo cha kwanza cha mume ni uchunguzi wa shahawa, baada ya kujizuia tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7.

Takribani mwanamume 1 kati ya 100 hana mbegu katika shahawa, hata kama nguvu zake za kiume ni kamili. Sababu ni za aina mbili:

1. Mirija kuziba. Korodani huzalisha mbegu, lakini njia imefungwa, kwa mfano na makovu ya kisonono kisichotibiwa mapema.

2. Uzalishaji hafifu. Huweza kutokana na matumbwitumbwi yaliyoshambulia korodani baada ya balehe, au korodani ambazo hazikushuka utotoni.

Katika hali hizo, daktari bingwa anaweza kuchukua mbegu kutoka kwenye korodani zenyewe. Mgonjwa hupewa ganzi au dawa ya usingizi. Daktari hutumia sindano au hupasua sehemu ndogo, kisha mbegu hutafutwa kwa hadubini. Mirija ikiwa imeziba, karibu wote hupatikana na mbegu. Uzalishaji ukiwa hafifu, takribani nusu.

Mbegu hizo huingizwa ndani ya yai la mke maabara, kisha mimba hupandikizwa. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo ya kudunga yai alizaliwa mwaka 1992 nchini Ubelgiji. Hapa nchini huduma hutolewa na vituo vichache, gharama zake ni kubwa, na mimba haina uhakika. Aidha, umri wa mke ukisonga, matumaini hupungua.

Kwa hiyo wakazi wa Mkula wanahimizwa kutochelewa. Dawa za nguvu za kiume hazizibui mirija. Kuuza ng'ombe kwa ajili yake ni hasara. Mume na mke wafike pamoja katika zahanati iliyo jirani au Hospitali ya Mkula. Ikihitajika, watapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bariadi, au Bugando, Mwanza.