Mpango wa Kazi wa Ukurasa Mmoja

Timu ya kituo cha afya inaweza kuendesha mradi wake bila majedwali marefu. Inachohitaji ni mpango ambao kila mhusika, kuanzia mganga hadi mhudumu wa usafi, anaweza kuusoma na kuueleza.

Ushahidi upo hapa nchini. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, inayoenea katika ukurasa mmoja. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Maswali yake ni mepesi: mgonjwa ni nani, anafanyiwa upasuaji gani, vifaa vimehesabiwa? Huulizwa kwa sauti, wote wakisikia.

Tuchukue mfano wa kituo katika kata ya Pasua, Manispaa ya Moshi, ambacho timu yake imeazimia kwamba mgonjwa wa shinikizo la juu la damu asirudi nyumbani mikono mitupu. Ubao mmoja ukutani unatosha, wenye safu nne: kazi, mhusika, tarehe, ilipofikia. Muuguzi wa kliniki anaandika idadi ya wagonjwa wanaotarajiwa; mfamasia anahesabu dawa kila Jumatatu; mganga mfawidhi anasaini maombi kabla dawa hazijakaribia kwisha.

Kanuni ni tatu. Kwanza, kila kazi iwe na mhusika mmoja, kwani manahodha wengi, chombo huenda mrama. Pili, timu ikutane mbele ya ubao kwa dakika 10 kila wiki. Tatu, kazi iliyokwama itajwe mapema, na anayeitaja asilaumiwe. Lawama huwafundisha watu kuficha.

Nawe mgonjwa una nafasi katika mpango huu. Fika tarehe uliyopangiwa, uje na vidonge vilivyobaki, na umweleze muuguzi ikiwa utasafiri. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili, hivyo anayekatisha dawa huweza kujiona mzima hadi siku anapopatwa na kiharusi. Mstari mmoja uliosahauliwa ubaoni unaweza kuanzisha safari hiyo.