KARAKANA BILA STIMA: Tujifunze kwa Waamishi

Mara nyingi tunasikia: "Tungefungua karakana, lakini stima haijafika, na hata ikifika bili itatushinda." Hebu leo tuwatazame Wakristo wenzetu ambao stima imefika mpaka mlangoni, lakini wakakataa kuiunga.

Hao ni Waamishi wa Marekani, walio wengi katika majimbo ya Pennsylvania na Ohio. Walitengana na ndugu zao Wamennonite huko Ulaya mwaka 1693. Wamennonite wengi siku hizi wanatumia umeme kama watu wengine; ni baadhi tu ya wale wa desturi ya zamani wanaojizuia kama Waamishi.

Je, wanaona umeme ni dhambi? La. Wengi wanatumia betri. Wanachoogopa ni ule waya. Ukiingia nyumbani utaleta mambo yote ya dunia, na majirani wataacha kuhitajiana. Hapo wanashika Warumi 12:2. Kila kanisa linapatana lenyewe nini kiruhusiwe, kwa hivyo taratibu zao hazifanani kila mahali.

Lakini karakana zao si mchezo! Wanatengeneza meza, vitanda na makabati ya kuuza. Namna gani?

1. Shafti moja, mashine nyingi. Injini ya dizeli inazungusha shafti ndefu yenye puli kadhaa. Kila puli ina mkanda unaokwenda kwa mashine yake: msumeno, randa, keekee. Ni kama kinu chetu cha posho cha mkanda, ila hapa injini moja inalisha mashine nyingi.

2. Hewa. Injini inaendesha kompresa, hewa inashindiliwa ndani ya tangi, kisha inapita kwa mabomba. Fundi anang'oa mota ya umeme kwenye mashine na kuweka mota ya hewa. Ubaya wake, nguvu nyingi inapotea njiani, na dizeli inakwenda.

3. Mafuta. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu kupitia mabomba, nayo yanazungusha mota ya mashine.

Hesabu ya puli. Zidisha mwendo wa injini kwa kipenyo cha puli yake, kisha gawanya kwa kipenyo cha puli inayozungushwa. Mfano: injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika, puli yake ni sm 20, na ya shafti ni sm 60. Shafti itazunguka mara 500. Msivuke kamwe mwendo ulioandikwa kwenye mashine.

Hatari! Funikeni mikanda yote. Leso au shati linaloning'inia linaweza kumvuta mtu. Injini ikae nje, kwa maana moshi wake unaua.

Sasa somo lenyewe. Sisi tukitaka mashine tunauliza bei. Waamishi huuliza pia: itatufanya nini sisi kwa sisi? Tunajua yanayotokea tusipouliza: dizeli imekwisha, hesabu haionekani, injini imefungiwa kwa mwenyekiti, na kikundi kimekufa.

Mjadiliane kabla ya kununua:
- Mashine ni ya nani, na ufunguo utakaa kwa nani?
- Nani ataandika pesa za dizeli na spea?
- Mwanachama asiye na pesa atafaidikaje?

Mkikosa kupatana katika hayo, ngojeni kwanza. Injini itangoja, lakini kikundi kikivunjika ni taabu kukirudisha.