Fonti Ziweke Kwako Mwenyewe

Mdogo wangu, umeniuliza kuna ubaya gani kuvuta fonti moja kwa moja kutoka Google Fonts, maana unabandika mstari mmoja tu na kazi imekwisha. Ubaya upo. Kila mtu anapofungua tovuti yako, kivinjari chake kinapiga hodi na kwa Google, na anwani yake ya IP inafika huko bila yeye kuulizwa. Januari 2022 mahakama moja ya Munich, Ujerumani, iliona hilo linavunja sheria ya faragha ya Ulaya, na mwenye tovuti akaamriwa kumlipa mlalamikaji euro 100. Pesa ndogo, ila baada ya hapo barua za madai zilimiminika.

Na usinipe ile hadithi ya “fonti tayari iko kwenye kashe ya mteja”. Hayo ya zamani. Tangu Chrome 86, mwaka 2020, fonti iliyopakuliwa kwenye tovuti nyingine haikusaidii kitu kwako.

Basi pakua faili, uziweke kwenye seva yako. Chukua WOFF2, TTF ni nzito bure. Unene wa 400 na 700 unatosha. Sijui watu hupakia unene tisa wa nini kwa ukurasa wa aya nne. Kwenye @font-face andika font-display: swap, ili mwenye bando la kuungaunga aanze kusoma fonti ikiwa bado njiani. Kama leseni ni SIL Open Font License, tumia na usambaze upendavyo, ila usiiuze fonti peke yake, na faili la OFL.txt likae nayo folda moja.

Sasa hapa ndipo wengi wanapochemsha. Kwa zana ya pyftsubset unaweza kukata Kigiriki, Kisirili na vingine usivyohitaji, faili likapungua sana. Lakini usibakize a hadi z tu! Ile alama iliyo ndani ya neno ng’ombe mara nyingi ni U+2019, iko mbali na herufi za kawaida. Ukiisahau, kivinjari kitaazima ya fonti nyingine, na kila ng’ombe na king’ora vitaonekana vimetiwa kiraka.

Ukimaliza, bonyeza F12, angalia kichupo cha Network. Ukikuta fonts.gstatic.com (ya Google) bado ipo, shuku thimu au plagini yako kwanza.