Mwaka Huu Hatusafiri: Jinsi ya Kuivuka Desemba Bila Madeni

Ikifika katikati ya Desemba, Dar es Salaam huanza kupungua watu. Kituo cha Magufuli pale Mbezi hufurika mabegi na maboksi, na magari binafsi hufuatana kuelekea Chalinze, Segera, Korogwe na Same hadi Kilimanjaro. Anayebaki mjini husikia swali moja kila kona, kazini, kanisani na dukani kwa Mangi: "Mnapanda lini?" Kwa mzazi ambaye hesabu imegoma, swali hilo linachoma. Wengi hujibu, "Tunaangalia angalia," kisha usiku huo huo wanaanza kutafuta pa kukopa.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mzazi huyo. Nimechukua mfano wa familia ya Kichaga inayoishi Dar es Salaam kwa kuwa kwao safari ya Desemba ni kama sheria. Hata hivyo mbinu hizi zitamfaa pia aliyewaahidi watoto Zanzibar au Ngorongoro, na aliyezoea kurudi kwao wakati wa Idi. Ninaloamini ni kwamba safari ya likizo hubeba vitu vitatu: wajibu kwa wazee, furaha ya watoto, na fahari mbele za watu. Viwili vya kwanza unaweza kuvitimiza kwa pesa kidogo. Cha tatu ndicho kinachofilisi nyumba, na hicho huna deni nacho kwa mtu yeyote.

Piga hesabu nzima, usiishie kwenye nauli

Kosa la kawaida ni kuuliza, "Nauli shilingi ngapi?" na kuishia hapo. Chukua karatasi, keti na mwenzako, mwandike kila kitu. Tuseme nauli ya mtu mmoja hadi Moshi ni shilingi 40,000. Watu watano kwenda na kurudi ni 400,000. Bado chakula cha njiani, usafiri wa kutoka mjini hadi Rombo au Kibosho, sukari na mchele wa nyumbani, kitenge cha bibi, nguo za watoto, mchango wa mbuzi, sadaka, na hela ya soda kwa kila anayekuja kukusalimia. Jumla ikikaribia 1,000,000 usishangae.

Kwenye karatasi hiyo hiyo andika Januari. Ada za shule za serikali zilifutwa kuanzia 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikafuata. Lakini sare, viatu, madaftari na nauli ya kila siku bado ni juu yako, na aliye na mtoto shule binafsi anajua ada ya muhula wa kwanza inavyobisha hodi. Kama mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, nayo iingie.

Kanuni ni fupi: toa kwanza ya Januari, kisha tazama kilichobaki. Kisipofikia gharama nzima ya safari, mwaka huu hamsafiri. Amueni hivyo mwishoni mwa Novemba, kabla swali la "mnapanda lini" halijaanza. Ukiwa na jibu mapema, hutalitafuta kwa presha.

Usikope kwa ajili ya likizo

Mkopo wa kununua cherehani unaweza kujilipa. Mkopo wa Krismasi unalipwa na mshahara wa Januari, mwezi ambao tayari una wadai wake. Ukichukua 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kila mwezi unaoshindwa kulipa deni lenyewe unakutoza riba ya 100,000. Ukifika Machi umeshatoa 300,000 za riba, na ile 500,000 bado imesimama pale pale. Watu hawakuiita mikopo hii kausha damu kwa bahati mbaya.

Jihadhari zaidi na programu za simu zinazokopesha ndani ya dakika chache. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo hupekua namba zilizo kwenye simu yako na kuwatumia ndugu na mabosi wako ujumbe wa kukuaibisha. Ulikopa ili usionekane umekwama, ukaishia kutangazwa.

Na kama kikoba chenu huvunjwa Desemba, mgao wako upangie kazi kabla haujaingia mkononi. Sare na madaftari nunua wiki hiyo hiyo. Fedha iliyokwisha kugeuka viatu vya shule haiwezi kugeuka tena nauli.

Waambie watoto mapema, na waambie kweli

Mtoto huumizwa zaidi na "tutaona" inayorudiwa hadi tarehe 23 kuliko "hapana" aliyoambiwa mapema na kwa upole. Waketisheni wote pamoja, baba na mama mkiwa kauli moja. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Wanangu, mwaka huu hatutaenda kwa bibi. Pesa tuliyonayo inatosha shule na chakula, haitoshi safari. Tunajua mlikuwa mnaisubiri, na sisi tuliisubiri. Lakini likizo tutakuwa nayo, na leo tunaipanga pamoja."

Sentensi hizo zimesema ukweli, zimekubali kwamba inauma, na zimefungua mlango wa jambo jingine. Usiseme, "Muulizeni baba yenu hela amepeleka wapi." Ukisema hivyo, watoto wataikumbuka lawama hiyo kuliko safari yenyewe. Usiwadanganye kwamba barabara imefungwa au bibi amesafiri, maana bibi atapiga simu.

Wa miaka mitano anataka kujua tu kama Krismasi ipo, naye mjibu ipo. Wa miaka kumi anaweza kuuliza, "Kwani sisi ni maskini?" Mjibu: "Tuna chakula, tuna pa kulala, na mnasoma. Safari ndiyo haikutosha mwaka huu." Wa sekondari mwonyeshe ile karatasi ya hesabu. Kijana aliyeona namba kwa macho yake huacha kununa mapema, na mara nyingi huanza kupendekeza njia za kubana matumizi.

Timiza wajibu kwa wazee kwa njia nyingine

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tusipapite haraka. Kwa wazee kijijini, Desemba ndiyo mwezi wa kuona wajukuu, kusalimia makaburi, kukaa kikao cha ukoo na kumaliza mambo ya shamba na mipaka. Kutokwenda kimya kimya huonekana dharau. Kutokwenda kwa taarifa na kwa heshima hueleweka.

Piga simu wewe mwenyewe, mapema, kabla hawajauliza. Usitume ujumbe wa maandishi, na usimwachie dada yako akusemee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnakuja tarehe ngapi?"

"Mama, nimepiga kwa ajili hiyo. Mwaka huu mambo yamebana, hatutaweza kuja sote. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine. Naomba uniambie, kitu gani nyumbani hapo kinakusumbua zaidi, ili kile kidogo nilichonacho kifanye kazi hiyo?"

Swali hilo la mwisho hubadilisha mazungumzo. Huenda mama anahitaji dawa za presha za miezi miwili au bati mbili za jikoni kuliko anavyohitaji watu watano wa kulisha kwa wiki nzima. Elfu 60 iliyofika mahali panapouma hukumbukwa.

Kisha zipo njia nne za kupunguza gharama bila kuvunja uhusiano:

1. Mleteni bibi au babu mjini. Nauli za mtu mmoja kwenda na kurudi ni mbili badala ya kumi, na watoto wanampata bibi kwa wiki mbili. Kama afya yake inaruhusu kusafiri, hii ndiyo mbinu bora kuliko zote.

2. Tumeni mwakilishi. Kama kuna kikao cha ukoo, kipaimara au jambo la mirathi, aende mmoja na neno la familia nzima.

3. Watoto waende kwa zamu. Mwaka huu mkubwa aongozane na shangazi au baba mdogo anayepanda, mwakani mwingine.

4. Hamishieni safari likizo ya Juni. Wakati huo msongamano stendi ni mdogo, na wazee wana muda na wewe kwa kuwa nyumba haijajaa wageni. Kumbuka pia kwamba nauli zilizoidhinishwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hazipandi kwa sababu ni sikukuu. Kinachopanda ni bei za wapiga debe na walanguzi wa tiketi, na Desemba ndio msimu wao.

Kwa ndugu wa rika lako na majirani, jibu fupi linatosha: "Mwaka huu tupo mjini, tumeamua kujipanga." Lisemwe kwa sauti ya kawaida. Huna haja ya kumfungulia kila mtu daftari lako la matumizi, wala kutunga udhuru wa kazi. Kama kundi la WhatsApp la ukoo limetangaza mchango usioumudu, andika kiasi unachoweza, ukitume siku hiyo hiyo, na usiombe radhi mara tatu.

Tengeneza likizo yenye tarehe

Januari shule zikifunguliwa, mwalimu atawapa watoto insha: "Likizo yangu." Kila mtoto anahitaji kisa cha kusimulia, na kisa hakizaliwi kwa kukaa mbele ya televisheni wiki nne. Bandikeni ukutani karatasi yenye tarehe. Siku nne tano zilizopangwa zinatosha, moja kila wiki na mbili katika wiki ya sikukuu. Siku ikishaandikwa haiahirishwi kwa sababu ya simu ya mteja.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam yapo haya. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kilichoanzishwa 1966, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Mtoto aliyezaliwa Kimara anaweza kuingia kwa kuinama katika nyumba ambayo babu wa babu yake angeitambua. Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert inasimulia habari za Zinjanthropus, fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Kiingilio cha Mtanzania kwenye sehemu hizi ni kidogo kikilinganishwa na cha mgeni. Bagamoyo ni safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja, na magofu ya Kaole yana msikiti wa karne nyingi zilizopita. Kuvuka kwa pantoni hadi Kigamboni ni gharama ndogo sana, na kwa mtoto mdogo ni safari kamili ya baharini. Coco Beach hailipiwi. Bebeni maji na chapati kutoka nyumbani, mnunue mihogo tu. Na kwenye maji, mtu mzima mmoja apewe kazi ya kutazama watoto pekee, bila simu mkononi.

Kama mnaweza kutoa kitu kikubwa kimoja, basi iwe treni ya SGR hadi Morogoro, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Huduma ilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Kwa hesabu hiyo, wazazi wawili na watoto watatu wa umri huo ni 91,000 kwenda na kurudi, chini ya robo ya nauli za Moshi tulizokadiria. Kateni tiketi mapema maana msimu wa sikukuu huwahi kujaa, na wekeni hela ya bajaji kutoka stesheni. Mkifika mtaiona milima ya Uluguru, mtakula matunda ya sokoni, na insha itakuwa imepata kichwa.

Siku ya Krismasi yenyewe, pikeni chakula cha kwenu. Pika machalari na watoto wamenye ndizi, huku bibi akiwa kwenye simu ya video akisahihisha kila hatua. Muombe awasimulie jinsi alivyosherehekea akiwa mdogo, na mtoto mkubwa aandike.

Nyinyi wazazi nanyi mtunzane

Msongo wa kukosa hugeuka ugomvi kwa urahisi. Kubalianeni kwamba mkishaamua, hakuna kurudia hoja ya nani alitumia vibaya. Picha za wenzenu zikianza kumiminika kwenye status, zinyamazisheni hadi tarehe 5 Januari. Huo si wivu. Umeamua tu kutousogezea moyo wako kidonda kila saa. Na kumbuka kwamba picha ya mtu kando ya bwawa la kuogelea haionyeshi alikolipa wala alikokopa.

Anza safari ijayo Februari

Januari iacheni ishughulikie shule. Kuanzia wiki ya kwanza ya Februari, wekeni 10,000 kila wiki kwenye kibubu au akaunti isiyo na kadi. Hadi mwisho wa Novemba ni wiki 43, yaani 430,000, na zile nauli za watu watano zimepatikana. Zawadi nunueni kidogo kidogo, kitenge Aprili, sukari Novemba. Mkiweza 5,000 tu, basi mtakuwa na nauli ya wawili, na mpango wa zamu utafanya kazi.

Familia inayosema "mwaka huu hatusafiri" kwa sauti tulivu haijashindwa. Wazee wameheshimiwa, watoto wamepata likizo yao, na tarehe ya kufungua shule itawakuta wana viatu, madaftari, na wazazi wasiokimbia simu za wadai. Chukueni karatasi leo, muanze na ile hesabu.