Baiskeli na Waenda kwa Miguu: Kupishana kwa Usalama
Kwenye njia za kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, baiskeli na waenda kwa miguu hupishana kila siku. Baiskeli iendayo kilomita 18 kwa saa hupita mita 5 kila sekunde. Kengele ikipigwa mgongoni mwa mtu, yeye hushtuka na huenda akarukia upande ule ule unaopita.

Tunakushauri, mwendesha baiskeli, upige kengele walau mita 15 kabla, kisha upunguze mwendo. Asipogeuka, usidhani ni kiburi, huenda hasikii. Shuka, uisukume baiskeli.

Nawe mtembeaji, shika upande mmoja, mshike mtoto mkono, utazame nyuma kabla ya kuhama. Kengele ni hodi, si amri.