Chanjo ya HPV shuleni: mzazi wa Pinga ana haki gani?

Mzazi wa Pinga, Kivu Kaskazini, anayesikia habari ya chanjo ya HPV, yaani ya kukinga virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, huwa na maswali mawili: je, ni ya lazima, na ni pesa ngapi?

Swali la kwanza lina jibu fupi. Hakuna sheria ya Kongo inayoifanya chanjo ya HPV kuwa sharti la kumwandikisha mtoto shuleni. Hadi mwisho wa mwaka 2024 haikuwa imeingia hata katika kalenda ya PEV, mpango wa taifa wa chanjo. Mkuu wa shule akimrudisha msichana nyumbani kwa kukosa kadi ya HPV, hana sheria ya kuegemea. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Kuhusu pesa, chanjo za PEV hutolewa bure katika vituo vya afya, hivyo HPV ikiingizwa humo inapaswa kuwa bure pia.

Mtoto mwenyewe naye ana haki yake. Ibara ya 47 ya Katiba inahakikisha haki ya afya, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inampa kila aliye chini ya miaka 18 haki ya kuwa na afya bora kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo timu ikifika shuleni na sindano, mzazi ana haki ya kuuliza: ni chanjo gani, inakinga nini, nani ameituma, na mtoto akipata homa apelekwe wapi?

Nchi nyingine za kanda zimetangulia kutoa chanjo ya HPV. Rwanda ilianza mwaka 2011, ikawachanja wasichana wengi shuleni. Uganda ilifuata kwa nchi nzima mwaka 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Shirika la Afya Duniani linalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2022 linakubali kuwa dozi moja inaweza kutosha.

Familia za Kivu Kaskazini zilizokimbilia Uganda zikumbuke Sheria ya Wakimbizi ya 2006: mtoto mkimbizi ana haki ya elimu ya msingi sawa na mwenyeji. Kwa kuwa chanjo ya HPV huko hutolewa pia shuleni, mzazi amuulize mwalimu siku ya zoezi.

Kwa waliobaki Kivu Kaskazini, vita vimewatoa wasichana wengi darasani, na kampeni ya shuleni pekee haiwezi kuwafikia. Chanjo hii ikija Pinga, wazazi wadai itolewe pia kituoni. Waanze kwa muuguzi mkuu wa kituo (IT) au mhamasishaji wa afya wa mtaa (RECO), kisha daktari mkuu wa zoni ya afya. Malalamiko ya shule yapelekwe kwa kamati ya wazazi, COPA. Barua iwe na tarehe, na nakala ibaki nyumbani.